Kamati ya usalama kiwandani Kenya

Kwa anayeuliza kama kiwanda cha samani chenye wafanyakazi 26 kinalazimika kuwa na kamati ya usalama na afya, jibu ni ndiyo, kwa kuwa kifungu cha 9 cha Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwenye mahali pa kazi penye watu 20 au zaidi kuiunda, na wafanyakazi wawakilishwe humo sambamba na menejimenti. Nimekuwa mjumbe wa kamati kama hiyo katika karakana ya mbao, na naamini kwa dhati kwamba anayesimama kwenye msumeno kila siku huiona hatari mapema kuliko aliye ofisini, kwa hiyo asiwekwe humo kwa jina tu.

Hata hivyo, waajiri wenye wafanyakazi chini ya 20 wasidhani wamesamehewa: Mkurugenzi wa usalama na afya kazini anaweza kuagiza kamati iundwe hata huko, na wajibu wa mwajiri wa kuwapa wafanyakazi mafunzo, kuwasimamia na kuhakikisha mitambo ni salama hautegemei idadi ya watu.