Nenosiri ni sahihi, lakini duka halifunguki

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninauza dagaa na samaki wakavu kupitia duka la mtandaoni lililojengwa kwa WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, na WooCommerce, nyongeza yake ya kuuzia bidhaa, na mzigo wangu ninauchukua soko la samaki la Mwaloni. Tangu fundi alipotuwekea cheti cha usalama ili anwani yetu ianze na https, kila nikiandika jina na nenosiri kwenye kompyuta ya dukani ninarudishiwa fomu ileile ikiwa tupu, bila ujumbe wowote wa kosa. Kwa simu ya mke wangu ninaingia vizuri. Nimebadilisha nenosiri mara kadhaa bila mafanikio, na oda za wateja wa Dar es Salaam zinasubiri. Kompyuta hiyo huitumia pia kijana anayenisaidia kuuza. Nifanye nini?
Msomaji, Kirumba, Mwanza

JIBU: Ndugu msomaji, oda hizo endelea kuzishughulikia kwa simu, na nenosiri usilibadilishe tena, kwa sababu maelezo yako yanaonyesha kwamba halina kosa. Nenosiri likikosewa, WordPress huandika hivyo waziwazi juu ya fomu. Fomu inaporudi kimya, mara nyingi seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, imekukubali, ila kidakuzi ilichokitoa hakikupokelewa au hakikurudishwa. Kidakuzi ni maandishi mafupi ambayo seva hukipa kivinjari baada ya kukutambua, nacho kivinjari hupaswa kuyaonyesha kila unapofungua ukurasa mwingine, kama abiria wa kivuko cha Kamanga anavyoonyesha tiketi aliyokata. Yasipoonyeshwa, seva hukuhesabu kuwa mgeni na kukurudisha kwenye fomu.

Anza na kompyuta yenyewe. Fungua dirisha fiche, yaani dirisha la kivinjari lisilotumia vidakuzi vilivyohifadhiwa awali, ambalo katika Chrome hupatikana kwa kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja, kisha ujaribu kuingia humo. Ukifanikiwa, tatizo ni vidakuzi vya zamani vilivyobaki katika kivinjari tangu kabla ya fundi kufanya kazi yake. Bonyeza alama iliyo kushoto mwa anwani ya duka, ingia kwenye sehemu ya vidakuzi na data ya tovuti, ufute vya duka lako tu. Ukifuta vyote, utatolewa pia kwenye barua pepe na kila mahali ulipokuwa umeingia.

Dirisha fiche nalo likikukatalia, itazame anwani herufi kwa herufi, na hapa ndipo ninaposhuku zaidi kuwa kuna tatizo. Linganisha anwani iliyohifadhiwa kwenye kompyuta na ile inayotumika kwenye simu. Kwa kivinjari, anwani yenye www na isiyo nayo ni tovuti mbili, na kidakuzi kilichotolewa na moja hakipelekwi kwa nyingine isipokuwa seva imeagiza hivyo. Tena kidakuzi kilichotolewa chini ya https na kuwekewa alama ya usalama hakitumwi kamwe kwenye anwani ya http. Kwa kuwa simu inaingia, fungua kwayo Mipangilio ya WordPress, sehemu ya Jumla, uangalie kama anwani ya WordPress na anwani ya tovuti zote zinaanza na https na zinakubaliana kuhusu www. Ukiona tofauti, usiirekebishe fundi akiwa hapatikani, kwani anwani ikikosewa hapo unaweza kufungiwa nje hata kwenye simu, na itabidi yeye aziandike upya katika wp-config.php, faili la mipangilio ya msingi ya WordPress, kwenye mistari ya WP_HOME na WP_SITEURL. Akiwa kazini, ahakikishe pia kwamba programu-jalizi ya kuharakisha tovuti haihifadhi nakala ya ukurasa wa kuingilia.

Ukiona ujumbe kwamba vidakuzi vimezuiwa kwa sababu ya maandishi yasiyotarajiwa, hilo ni jambo jingine: mara nyingi kuna faili la PHP, lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa kwayo, lenye nafasi au mstari mtupu kabla ya msimbo kuanza. Vidakuzi hutangulia mbele ya ukurasa, na ukurasa ukishaanza kutoka, haviwezi tena kutumwa.

Ukishaingia, usiweke tiki kwenye kisanduku cha kukumbukwa katika kompyuta hiyo ya watu wawili, kwa sababu kuingia kwako kutadumu siku 14 badala ya 2. Kijana wako mfungulie akaunti yake mwenyewe kwa cheo cha meneja wa duka, ambacho kinamwezesha kushughulikia oda na bidhaa bila kugusa mipangilio mikuu ya tovuti.