Bega linauma juu, uvivu uko chini ya kwapa

Wasusi wanaokuja kwangu kutibiwa viungo karibu wote hugusa mahali pamoja: juu, kati ya shingo na bega. Mafundi cherehani nao vilevile, na walimu wanaoandika ubaoni mchana kutwa. "Hapa pamekaza, pana vifundo, nichue hapa." Wengi wameshachuliwa nyumbani, wamepakwa kila aina ya mafuta na kukandwa kwa maji moto. Nafuu hukaa siku mbili tatu, kisha maumivu yanarudi palepale. Ninachowaambia ni kwamba panapouma mara nyingi pana msuli uliochoka kwa kufanya kazi ya mwenzake. Huyo mwenzake ndiye wa kutafutwa.

Gusa mtulinga wako, ule mfupa unaotoka juu ya kidari hadi begani. Ncha yake ya ndani, karibu na shimo la koo, ndiyo kiungo pekee cha mfupa kwa mfupa kinachounganisha mkono mzima na kiwiliwili. Nyuma, kombe la bega halikufungwa kwenye uti wa mgongo wala kwenye ubavu. Limelala juu ya mbavu, takriban kuanzia ubavu wa 2 hadi wa 7, na linateleza. Linashikwa na misuli, kila mmoja ukivuta upande wake, kama tanga na kamba zake: moja ikikazwa sana na nyingine ikalegea, tanga linakaa upande.

Mkubwa kuliko yote ni trapezi. Unaanzia kisogoni, unashuka na pingili za shingo na za mgongo hadi pingili ya 12 ya kifua, halafu nyuzinyuzi zake zinakusanyika kwenye mtulinga na kwenye kombe. Watu hudhani kazi yake ni kuinua mabega basi, lakini hiyo ni ya sehemu ya juu tu. Sehemu ya kati huvuta kombe kuelekea uti wa mgongo, na ya chini hulishusha. Chini ya trapezi, ubavuni mwa shingo, umo msuli mwembamba uitwao levata ya skapula, unaotoka kwenye pingili 4 za kwanza za shingo na kushika kona ya juu ya kombe. Kile mnachokiita kifundo mara nyingi kiko hapo. Misuli miwili ya romboidi imejificha kati ya makombe na huyavuta yakaribiane. Mbele, chini ya msuli mkubwa wa kifua, kuna pektorali ndogo, inayotoka ubavu wa 3 hadi wa 5. Ikifupika, bega linainamia mbele. Kuna na subklavio, kadogo, chini ya mtulinga, ambao sijawahi kumsumbua mgonjwa kwa ajili yake.

Nimeuacha mwisho ule ninaoupenda. Serato ya mbele huanzia kwenye mbavu 8 au 9 za juu, hupita kati ya mbavu na kombe, kisha hushika ukingo wa ndani wa kombe. Kwa mabondia huonekana waziwazi chini ya kwapa, maana ndio unaosukuma kombe mbele ngumi inapotoka. Pia ndio unaolibana kombe kwenye mbavu lisichomoze.

Kwa nini msusi aujali? Mwaka 1944 Inman, Saunders na Abbott wa Marekani walionyesha kwamba mkono ukiinuliwa nyuzi 180, karibu 120 hutoka kwenye kiungo cha bega chenyewe na karibu 60 hutokana na kombe kuzunguka. Waliokuja baadaye wamekuta uwiano huo hubadilika njiani, lakini jambo lenyewe limesimama: kombe lisipozunguka, mkono hauendi juu vizuri. Kulizungusha ni kazi ya watatu: trapezi ya juu, trapezi ya chini na serato. Wawili wakilegea, trapezi ya juu hubaki peke yake, levata inaingia kusaidia, na bega linapanda kuelekea sikio. Balaa ni kwamba levata huzungusha kombe kinyume, kwa hiyo msaada wake ni wa kukwamisha. Fanya hivyo tangu asubuhi hadi rasta ziishe, kichwa kimeinama, uone kama hapatakaza.

Kujipima ni rahisi. Simama mbele ya ukuta, weka viganja usawa wa kifua, nyoosha viwiko, sukuma. Mtu aangalie mgongo wako ukiwa wazi. Ukingo wa ndani wa kombe ukichomoza, serato yako ni dhaifu. Ukichomoza sana upande mmoja na mkono ukashindwa kupanda, usianze mazoezi, nenda hospitali. Neva ya msuli huo hupita juu juu ubavuni, na huweza kuumia kwa mizigo mizito ya begani au kwa upasuaji wa kwapani, kama ule wa saratani ya matiti.

Zoezi ninalolianza kwa karibu kila mtu ni la ukutani. Viganja ukutani, viwiko vimenyooka na visikunjwe. Acha kifua kizame kati ya makombe, halafu sukuma ukuta mpaka mgongo wa juu ujae nyuma. Mara 10 hadi 12, pumzika, rudia. Utasikia kazi chini ya kwapa. Ukiisikia shingoni, umeinua mabega, yashushe. Kwa trapezi ya chini, lala kifudifudi, nyoosha mikono mbele na pembeni kidogo, vidole gumba vikielekea juu, kisha iinue kiasi tu. Pektorali ndogo inanyooshwa kwa kuweka mkono kwenye fremu ya mlango na kusogeza kifua mbele. Yape mazoezi haya wiki 6 hadi 8 kabla ya kunilalamikia.

Kuna na suala la kiti. Bibi zetu walisuka wakiwa kwenye kigoda, anayesukwa kakaa mkekani kati ya magoti, na viwiko vyao vilikaa chini. Viti virefu vya saluni ndivyo vilivyopandisha viwiko. Mteja akae chini zaidi, au wewe upate kiti kirefu kuliko chake. Fundi cherehani naye apandishe kiti mpaka viwiko visielee.

Kuchua endeleeni, kunatuliza, sikatazi. Ila ganzi inayoshuka hadi vidoleni, bega lililoanza kuuma baada ya kuanguka, au maumivu ya bega yanayokuja na kifua kubana na jasho, hayo si ya ukutani wala ya mafuta. Ni ya hospitali siku hiyohiyo.