Skyhawk ipo kwenye diski, kwenye orodha haipo

SWALI: Nimepakua Skyhawk, ndege ya kivita ya bure ya DCS World (mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege), ile A-4E-C, nikaifungua ndani ya folda ya Saved Games kama maelekezo yanavyosema. Mchezo unawaka vizuri, ila ndege haimo kwenye orodha na hakuna onyo lolote. Nimekosea wapi? Na nikishaipata, nitaweza kuirusha na wenzangu mtandaoni?

JIBU: Karibu kila mara kosa ni folda moja iliyozidi. Windows inapofungua faili la zip huunda folda mpya yenye jina la zip, kisha huitia Skyhawk ndani yake. DCS haichimbi kote huko. Inatafuta faili la entry.lua, nalo linatakiwa kuwa hapa hasa:

Saved Games\DCS\Mods\aircraft\A-4E-C\entry.lua

Ukifungua folda ya A-4E-C ukakuta A-4E-C nyingine, au folda yenye namba ya toleo, hamisha ile ya ndani ipande ngazi moja, kisha futa ganda lililobaki. Folda za Mods na aircraft zisipokuwapo, ziunde kwa mkono. Ni kawaida kutozikuta.

Njia ikiwa sahihi na bado kimya, huenda una folda mbili, DCS na DCS.openbeta, hasa kama uliwahi kutumia toleo la majaribio. Washa mchezo, uzime, halafu tazama dcs.log, faili ambamo mchezo huandika kumbukumbu zake, ndani ya folda ya Logs ya kila moja. Yenye saa ya sasa hivi ndiyo inayotumika. Ndani ya faili hilo tafuta neno A-4E. Mistari ya hitilafu iliyo karibu nalo hutaja kilichokwama.

Kuna na hili: ndege inaonekana, unaingia, lakini haiitiki. Hapo shuku antivirusi. Hesabu za urukaji ziko kwenye faili za dll (vipande vya programu) ndani ya folda ya bin ya A-4E-C, na baadhi ya antivirusi huziweka karantini bila kuuliza. Zirudishe, kisha iruhusu folda hiyo.

Toleo jipya likitoka usilimwage juu ya la zamani, maana masalia huleta migongano. Futa folda nzima ya A-4E-C, uweke mpya. Vitufe ulivyopanga havipotei. Vimehifadhiwa kwingine, kwenye Saved Games\DCS\Config\Input.

Mtandaoni, mwenye seva na ninyi mnaoirusha muwe na toleo moja. Aliyetengeneza misheni akague pia orodha ya nyongeza ambazo misheni inazidai kwa kila mchezaji: Skyhawk ikiandikwa humo, hata rafiki anayetaka kurusha ndege nyingine atazuiwa mlangoni.

Na ukipunguza mwendo ukaona vibamba vya ukingo wa mbele wa bawa vinashuka vyenyewe, usirudi kuhangaika na mafaili. Hata Skyhawk halisi vibamba hivyo havina kitufe. Hushuka kwa uzito wake na kusukumwa ndani na upepo.