Laini ya megabiti 200, nakala zinatambaa kwa 3.5

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Natunza seva za SACCOS moja hapa Dar es Salaam. Kila usiku tunatuma nakala rudufu kwenye kituo chetu cha dharura, Frankfurt, Ujerumani. Kwa kuwa zilikuwa hazifiki hadi asubuhi, tulipandisha laini kutoka megabiti 20 hadi 200 kwa sekunde. Kasi imebaki 3.5 ileile. Ping, yaani muda wa ujumbe kwenda na kurudi, ni milisekunde 150. Muuzaji mmoja ana kifaa anachodai kinaongeza kasi mara kumi, mwingine anasema tupande hadi 500. Tushike lipi?

JIBU: Msishike lolote kati ya hayo, ndugu yangu. Karibu kila mwezi naletewa swali hili, na kila mara pesa ya laini imeshalipwa.

Hiyo 3.5 uliyoandika ndiyo iliyonipa jibu. TCP, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kutumiana data mtandaoni, haimwagi data yote kwa mpigo. Hutuma kiasi ambacho mpokeaji ameruhusu, yaani dirisha, kisha hungoja apokee na kujibu. Dirisha la asili lilikuwa na kikomo cha kilobaiti 64. Baiti moja ni biti nane, hivyo kilobaiti 64 katika kila milisekunde 150 ni megabiti 3.5 kwa sekunde, kama ulivyopima. Ni kama kutanua barabara ya Dar hadi Tunduma huku una lori moja, nalo haliruhusiwi kupakia tena mpaka risiti irudi kutoka Tunduma. Barabara iwe na njia mbili au kumi, mzigo kwa siku ni uleule. Ili kujaza laini ya 200 kwa umbali huo mnahitaji dirisha la megabaiti 3.75 hivi.

Njia ya kukuza dirisha imekuwepo tangu 1992, na mifumo ya sasa huikuza yenyewe. Kwa hiyo kuna kitu kinaizuia: fayawoli (ukuta wa ulinzi wa mtandao) ya zamani inayofuta chaguo hilo la kukuza dirisha njiani, au programu ya nakala iliyojiwekea bafa yake ndogo, yaani nafasi ya kushikia data kwa muda. Endesheni iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kwa mkondo mmoja (muunganisho mmoja wa TCP), kisha kwa minane. Mkondo mmoja ukipita 3.5 kwa mbali, mkosaji ni programu yenu. Ukikwama palepale na minane ikafika 28, kagueni fayawoli. Minane isipozidi mmoja, mwiteni mtoa huduma.

Wakati mnarekebisha, gawanyeni kazi katika mikondo kadhaa. Inasaidia hata pakiti, yaani vipande vya data, zinapopotea, maana kwa TCP ya kawaida, pakiti moja ikipotea katika kila 10,000 kwa umbali wenu, mkondo mmoja huishia karibu na megabiti 10 hata dirisha likiwa kubwa. Tumeni mabadiliko tu, si hifadhidata nzima kila usiku. Na mbane data kabla ya kuisimba, yaani kuifunga kwa msimbo wa siri. Data iliyokwisha kusimbwa haibaniki.

Hapo ndipo wauzaji wa vifaa wanaponichosha. Niliwahi kukaa kwenye onyesho katika ofisi ya mteja. Grafu ukutani ilipanda mpaka wakubwa wakapiga makofi. Nikaomba nilifungue faili lililotumika kupima. Gigabaiti moja, yote sifuri tupu! Sifuri hubanika hadi karibu kutokuwepo. Tukaweka nakala halisi ya mteja, iliyobanwa na kusimbwa, na mstari ukalala chini. Vifaa vya namna hiyo vina kazi yake pale data inapojirudia, lakini hakuna kifaa kinachofupisha bahari. Mwanga ndani ya nyuzi husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na huo ndio ukomo wa kila mtu. Muuzaji akikataa kupima kwa faili lako mwenyewe, mtoe nje.

Jambo jingine naliandika kwa wote wenye kituo cha dharura ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikazorota hapa nchini. Siku kama hiyo, nakala iliyoko Frankfurt mtaivuta kwa njia gani? Wengi wanapima kasi ya kupeleka tu, kurejesha hawajawahi kujaribu hata mara moja. Terabaiti 4 kwa laini ya 200 iliyojaa kabisa ni saa 44. Kwa 3.5 yenu ya sasa ni siku 106, na wanachama wanangoja dirishani wakitaka akiba zao. Wekeni nakala ya pili ndani ya nchi, Dodoma au Mwanza, na mzigo wake mkubwa wa kwanza upelekeni kwa diski ndani ya gari. Kisha chagueni Jumamosi moja, mrejeshe mfumo mzima kwenye seva tupu, saa mkononi, na muda utakaopatikana mwandikie meneja wenu kwa barua.