Maswali na majibu: Mkutano wa wanaoacha pombe nitaupata wapi?

Swali: Nimekunywa kwa miaka 12 na sasa nataka kuacha. Nasikia kuna vikundi vya kusaidiana, lakini sijui nianzie wapi kuvitafuta. (Msomaji, Nakuru)

Jibu: Kilichoenea zaidi ni Alcoholics Anonymous, au AA, kilichoanzishwa mwaka 1935 mjini Akron, Marekani, na walevi wawili waliogundua kwamba kila mmoja alisaidika alipomsikiliza mwenzake: Bill Wilson, dalali wa hisa, na daktari Bob Smith. Nchini Kenya kina mikutano yake, na siku, saa na ukumbi hutangazwa katika tovuti yake. Hata hivyo, usiitegemee orodha hiyo peke yake. Vikundi huendeshwa na wanachama wenyewe kwa kujitolea, kwa hiyo ukumbi unaweza kuhama kabla orodha haijarekebishwa, na mtu aliyejikaza hadi akafika, kisha akakuta kufuli mlangoni, hurudi nyumbani kwa njia inayopita baa. Piga simu kwanza, uongee na mtu, umuulize kama atakuwepo siku hiyo. Usipompata, piga 1192, namba ya msaada isiyotozwa malipo ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, au uulize katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali iliyo karibu nawe, kwa kuwa washauri wa huko ndio huwaelekeza kwenye vikundi wagonjwa wanaoruhusiwa kurudi nyumbani.

Swali: Mimi ni mwalimu katika mji mdogo. Nikionekana nikiingia huko, shule nzima itajua.

Jibu: Mwalimu, unapopiga simu uliza kama mkutano ni wa wazi au wa faragha. Ule wa wazi hupokea hata ndugu na wanafunzi wa udaktari. Wa faragha ni wa wenye tatizo la pombe pekee. Utajitambulisha kwa jina la kwanza tu, na ukisema kwamba leo umekuja kusikiliza, inatosha. Usiri huo ni ahadi wanayopeana watu, si sheria, kwa hiyo ukiona hofu bado ni kubwa, panda gari uende mji wa pili, au uanze na mikutano ya intaneti, ambako unaweza kuzima kamera. (Ingawa nadhani waliokuona ukitoka baa hawatashangaa sana.)

Swali: Mimi ni Mwislamu, na mkutano ulio karibu nami unafanyika katika ukumbi wa kanisa.

Jibu: Ukumbi ni wa kuazima au kupanga tu, AA haifungamani na dini yoyote. Ni kweli kwamba hatua zake 12, yaani mwongozo ambao wanachama huufuata ili waache pombe, zinamtaja Mungu, lakini ni Mungu kama kila mmoja anavyomfahamu, na pakisomwa dua isiyo yako unaweza kunyamaza. Zanzibar, nyumba za kuwasaidia walioacha dawa za kulevya, ambazo wengi wa wakazi wake ni Waislamu, hufuata hatua hizo hizo.

Swali: Kila asubuhi lazima nizimue ndipo mikono iache kutetemeka. Je, niache usiku wa leo ili kesho niende mkutanoni nikiwa safi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hapana, ndugu yangu, usiache ghafla ukiwa peke yako. Pombe hupoza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoesha kujichochea zaidi ili uendelee kufanya kazi. Pombe inapokatika, mchocheo ule hubaki bila breki. Mtetemeko, jasho na kichefuchefu huanza ndani ya siku ya kwanza, degedege linaweza kukupata ndani ya saa 48, na baadhi ya watu, kati ya siku ya pili na ya nne, huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwepo na huweza kufa. Nenda hospitali kwanza, umwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, gongo ikiwemo, maana ukipunguza hesabu kwa aibu atakupa dawa kwa hesabu hiyo ya uongo. Mkutano hauwezi kuzuia degedege. Na kuhusu kuwa safi, sharti pekee la kujiunga ni kutaka kuacha kunywa: hata aliyekunywa asubuhi hukaribishwa, ila kwa kawaida huombwa asikilize tu siku hiyo.

Swali: Mume wangu hataki hata kusikia habari hizo. Naweza kwenda kwa niaba yake?

Jibu: Kwa niaba yake huwezi, mama, lakini kwa ajili yako mwenyewe unaweza. Al-Anon, iliyoanzishwa mwaka 1951 na akina Lois Wilson, mke wa yule Bill, ni ya jamaa na marafiki wa walevi, awe mlevi mwenyewe ameacha au bado anakunywa. Isipokuwepo kwenu, hudhuria mkutano wa wazi wa AA.

Swali: Ada ni kiasi gani?

Jibu: Hakuna ada. Kikapu cha mchango hupitishwa, na mgeni halazimiki kutia chochote.

Swali: Nilihudhuria Nairobi, lakini nimerudi kijijini na huku hakuna kikundi.

Jibu: Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu waliokutana ili wakae bila pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi kikundi chao kisifungamane na taasisi nyingine. Kwa sasa endelea kumpigia simu sponsa wako wa Nairobi, nami simaanishi yule anayewalipia wasichana kodi ya nyumba mjini, bali mwanachama mkongwe anayekuongoza katika hatua 12. Kisha mwambie mganga wa zahanati yenu kwamba uko tayari kukutana na mtu yeyote atakayemwambia anataka kuacha, na mchague siku moja ya wiki isiyobadilika, hata kama kwa miezi kadhaa mtakuwa wawili tu.