Hita ya maji ya papo hapo: waya gani?

SWALI: Nimenunua hita ya papo hapo ya kilowati 7.5. Fundi anataka kuiunganisha kwenye waya wa soketi uliopo. Inafaa? Na je, maji yatapata moto wa kutosha?

JIBU: Mkatalie. Kwenye volti 240, hita hiyo inavuta zaidi ya ampea 31, na waya wa soketi wa milimita mraba 2.5 hauhimili mzigo huo. Utachemka ndani ya ukuta usikouona. Vuta laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya umeme: waya wa milimita mraba 6, au 10 ikiwa ni mbali, breka ya ampea 40, kinga ya umeme unaovuja ya miliampea 30, na waya wa ardhi. Huo wa ardhi usirukwe kamwe.

Skrubu za tamino (pale waya zinapoungana na hita) zikazwe sawasawa. Harufu ya plastiki inayoungua baada ya wiki chache kwa kawaida hutoka hapo, kwenye skrubu iliyolegea.

Kabla ya kuunganisha bomba kwenye hita, fungulia maji yatoe mchanga, la sivyo chujio litaziba. Kisha jaza hita maji mpaka yatoke bila hewa, ndipo uwashe umeme. Elementi, yaani kipande kinachopasha maji, ikiwaka kavu huungua mara moja.

Kuhusu joto: maji ya nyuzi 15 yatafika 40 ukipitisha lita 4 hivi kwa dakika. Yakiwa vuguvugu, punguza koki kidogo.