Uchomeleaji wa kugonga si uchomeleaji wa nukta
Uchomeleaji wa kugonga na uchomeleaji wa nukta hudhaniwa kuwa kitu kimoja, lakini hizo ni njia mbili tofauti za kuunga metali, ingawa zote hutumia umeme na mgandamizo. Katika uchomeleaji wa nukta joto hutokana na ukinzani dhidi ya umeme wa metali zilizokwisha kubanwa pamoja, ilhali katika ule wa kugonga, umeme uliohifadhiwa, mara nyingi ndani ya kapasita (kifaa cha kuhifadhi chaji ya umeme), huachiliwa ghafla na kuwasha tao la umeme, yaani mwako mkali kama cheche, kati ya nyuso mbili za vipande, kisha vipande hugonganishwa kwa nguvu kabla metali iliyoyeyuka haijaganda. Tao hilo hudumu milisekunde chache tu, hivyo joto halipenyi ndani, na ndiyo maana hata shaba na alumini huungika. Hufaa nyaya na vipande vidogo, kwani kwenye uso mpana tao ni gumu kulidhibiti.